Binti wa Miaka 10 Ameitwa Kwenye Timu ya Kuogelea: Familia Ijiandae kwa Nini?

"Binti yetu ana miaka 10 na yuko Gredi ya 5 hapa Kisumu. Alijifunza kuogelea wakati wa likizo katika bwawa la hoteli, na sasa kocha wa klabu moja amemwalika ajiunge na timu ya mashindano: siku nne kwa wiki, mbili kati yake saa kumi na moja na nusu alfajiri kabla ya shule. Katika gala yake ya kwanza, yaani siku ya mashindano, alimaliza wa mwisho mara mbili, na mara ya tatu matokeo yake yakafutwa kwa kosa ambalo hatukulielewa; alikuwa ameongoza wenzake wawili katika mtindo wa kifua. Hata hivyo alirudi nyumbani akiuliza gala nyingine ni lini. Nyanya yake anasema maji baridi yatamletea nimonia, maana kifua kilimsumbua sana akiwa mdogo, na kwamba atapata mabega ya kiume na nywele zitaharibika. Mume wangu anauliza kwa nini tulipe ilhali ziwa liko hapo, tena anahofia masomo. Mimi nahofia pesa, na zaidi ya pesa sijui hasa tunaingia katika jambo gani. Tumruhusu?"

Mama, mimi ningemruhusu, ila si kwa ratiba hiyo ya siku nne, na si kabla hamjampeleka kwa daktari kwa mambo mawili nitakayoyaeleza huko mbele. Nimefunza watoto kuogelea kwa miaka mingi, kwanza Nakuru na sasa Kisumu, na barua yako naisoma kama maswali matatu yaliyofungwa fundo moja: iwapo mchezo huu utamdhuru binti, iwapo nyumba yenu itaumudu, na iwapo mtoto aliyemaliza wa mwisho ana haja gani ya kuwa kwenye timu. Naanza na hilo la mwisho, ambalo hukuliuliza waziwazi, kwa sababu majibu ya mengine yanalitegemea.

Maji ni mazito takriban mara 800 kuliko hewa ya ujazo ule ule, na yanamkinza mwogeleaji kwa namna ambayo mkimbiaji haijui. Mtoto akiongeza mwendo maradufu, ukinzani wa maji hauongezeki maradufu, bali karibu mara nne. Kwa hiyo mtoto anayepigapiga maji kwa nguvu zake zote huweza kupitwa na mwenzake mwembamba anayeonekana kama hajitumi. Yule mwembamba amelaza mwili juu ya maji, kichwa kimetulia, nyonga ziko juu, na kiganja chake kinashika maji kama mtu anayejivuta kwa kamba. Mwenye nguvu ameinua kichwa, miguu imezama, na sehemu kubwa ya jasho lake inaishia kusukuma maji kwa kifua chake mwenyewe. Mwanzoni mtoto hapati kasi kwa kuongeza nguvu. Anaipata kwa kupunguza kile kinachomzuia.

Ustadi huo haujengwi kwa kukimbizana na saa. Hujengwa kwa kurudia jambo moja dogo, polepole, mara nyingi, mwili ukiwa haujachoka: kupumua kwa kugeuza kichwa badala ya kukiinua, kuusukuma ukuta kwa miguu na kunyooka kama mshale, kungoja mkono mmoja ufike mbele kabla ya mwingine kuanza kuvuta. Kati ya miaka 8 na 12 mwili hujifunza mambo ya namna hii kwa wepesi mkubwa, na kosa linalozoeleka katika umri huo huwa gumu kuling'oa baadaye. Misuli na pumzi ndefu vinaweza kungoja, kwa kuwa vitakuja pamoja na ukuaji.

Ndiyo maana nafasi aliyoshika binti yako hainiambii mengi. Saa ya kupimia muda, kwa watoto wa umri wake, hupima ustadi pamoja na urefu wa mikono, ukubwa wa viganja na umri wa mwili wenyewe. Wasichana wengi huanza kubalehe wakati wowote kati ya miaka 8 na 13, kwa hiyo katika mbio moja ya watoto wa miaka 10 utawakuta wawili waliozaliwa mwezi mmoja, mmoja amemzidi mwenzake kimo kwa kichwa kizima. Yule mrefu atashinda leo. Miaka mitatu baadaye pengo hilo la kimo huenda limeshafungwa, na atakayebaki mbele ni aliyefundishwa vizuri.

Nilijifunza hili kwa gharama ya mtoto wa mtu mwingine, nalisema kwa aibu. Nikiwa Nakuru nilikuwa na msichana wa miaka 11 aliyeshinda kila kitu, nami nikamwongezea mazoezi mara mbili kwa kuwa ushindi wake ulinipendeza kuliko ulivyompendeza yeye. Alipofika 13 umbo lake lilibadilika, wenzake wakamfikia, na kwa mwaka mzima muda wake haukupungua hata kwa nusu sekunde. Hilo ni jambo la kawaida kabisa kwa wasichana wa umri huo na kwa kawaida hupita, lakini sikuwa nimemwambia mapema, wala sikuwa nimewaambia wazazi wake, ambao walianza kumgombeza garini kila baada ya gala. Aliacha kabla ya kutimiza 14. Ukiniuliza kigezo cha kumpima kocha wa binti yako, nitakuambia usiulize ameshinda medali ngapi na watoto wa miaka 10. Uliza ni wangapi kati ya hao bado wanaogelea wakiwa na miaka 15.

Kuhusu matokeo yaliyofutwa, kwa maelezo yako nadhani aligusa ukuta kwa mkono mmoja. Katika mtindo wa kifua, ambao wengine huuita wa chura, na katika ule wa kipepeo, kanuni inataka mikono yote miwili iguse ukuta kwa wakati mmoja, kwenye kila mgeuko na pia mwishoni. Katika mtindo wa mgongo mwogeleaji lazima amalize akiwa bado chali. Anayeondoka jukwaani kabla ya ishara hapewi nafasi ya pili. Watoto wengi hupatwa na hili katika gala zao za mwanzo na wengi hulia, basi mwambie binti kuwa mwamuzi amemsaidia kuliona kosa mapema. Mguso wa ukuta si jambo dogo hata kwa wakubwa. Katika fainali ya mita 100 ya kipepeo kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, ile ambayo Mkenya Jason Dunford alimaliza wa tano, Michael Phelps alimshinda Milorad Čavić kwa sekunde 50.58 dhidi ya 50.59, kwa kuwa Phelps aliongeza kuvuta mkono nusu mara huku Čavić akiteleza kuelekea ukutani.

Sasa tuje kwa nyanya, ambaye ana haki katika jambo moja, na ni vizuri aambiwe hivyo kabla ya kusahihishwa. Nimonia huletwa na vijidudu, bakteria au virusi, wala haitoki katika ubaridi wa maji. Lakini maji huondoa joto la mwili takriban mara 25 kwa kasi kuliko hewa, na mtoto mwembamba hupoteza joto haraka kuliko mtu mzima mnene. Mabwawa mengi ya upande wetu hayana paa wala maji ya kupashwa moto. Mtoto anayetetemeka, ambaye midomo imebadilika rangi au anashindwa kuushika ubao wa kuelea vizuri, hana tena anachojifunza majini na anapaswa kutolewa, akaushwe, avishwe sweta na kofia, anywe uji wa moto. Kisumu jambo hili huonekana zaidi alfajiri. Nakuru, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,850, huonekana karibu kila asubuhi, na mtoto wa Kisumu anayepelekwa kwenye gala ya Nairobi mwezi wa Julai hushtuka kweli. Kubeba sweta mbili si utani.

Kifua kilichomsumbua utotoni ndicho jambo la kwanza la kumwona daktari. Iwapo ilikuwa pumu, kuogelea si marufuku. Hewa yenye unyevu juu ya maji humfaa mwenye pumu kuliko vumbi la uwanja wa mbio. Ila daktari anapaswa kuthibitisha, na kama kuna dawa ya kuvuta, ikae ukingoni ndani ya mfuko ambao kocha anaujua, isisahauliwe garini. Harufu kali ya bwawa inayowasha macho na koo, ambayo wengi hudhani ni klorini nyingi, kwa kawaida ni kloramini, yaani klorini iliyokwisha kuungana na jasho na mkojo. Bwawa safi halinuki sana. Ukiwa umesimama ukingoni unapaswa kuona mfuniko wa bomba la sakafuni, upande wa kina kirefu, bila kukaza macho. Usipouona, mtoto asiingie siku hiyo, hata kama ada imelipwa.

Mabega mapana ya waogeleaji unaowaona kwenye televisheni ni ya watu wazima waliozaliwa na umbo hilo na kufanya mazoezi kwa saa nyingi kila siku kwa miaka. Siku tatu au nne kwa wiki hazimpi msichana wa miaka 10 mwili wa mwanamume. Nywele ni jambo la dakika tano: zilowekwe kwa maji safi kabla ya kuingia ili zisinyonye maji ya bwawa, zipakwe mafuta kidogo, zifunikwe kwa kofia inayozitosha, na zioshwe baadaye. Kofia kubwa za nywele za Kiafrika zipo, na mzozo juu yake umekwisha: zile za kampuni ya Soul Cap zilikataliwa kwa Olimpiki mwaka 2021, kisha zikaidhinishwa mwaka 2022. Na kwa kuwa binti ana miaka 10, zungumza naye mapema juu ya hedhi. Maji hayamdhuru wala yeye hayachafui, ila siku ambayo hataki kuingia asilazimishwe wala asiulizwe sababu mbele ya wenzake.

Jambo la pili la daktari ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Magharibi mwa Kenya, hasa kaunti zilizo karibu na ziwa, pana familia nyingi zenye chembe ya urithi ya ugonjwa huo kuliko sehemu nyingine za nchi. Mtoto wa miaka 10 mwenye ugonjwa wenyewe kwa kawaida ameshajulikana, lakini mbebaji, aliyerithi chembe kwa mzazi mmoja tu, huweza kufika utu uzima bila kujua. Mwenye ugonjwa huweza kupatwa na maumivu makali kwa sababu ya baridi ya ghafla kwenye ngozi, upungufu wa maji mwilini au uchovu, kwa hiyo uamuzi wa kuogelea ni wa daktari wake, wala si wangu wala wa kocha. Mbebaji anaweza kuwa kwenye timu, mradi kocha ajue, mtoto anywe maji ya kutosha hata kama hahisi jasho, na asisukumwe kupita kiasi siku anayosema mwili unakataa. Kipimo ni cha damu kidogo tu. Hapo hapo mwambie daktari kama amewahi kuzimia, kupata kifafa, au kutokwa usaha masikioni, kwa maana kila moja hubadilisha ushauri. Tena anapopona malaria, asirudi majini siku homa inaposhuka. Aanze na nusu ya mazoezi hadi hamu ya chakula irejee.

Kwa mume wako nina jibu lenye heshima lakini lisilo na kona. Ziwa haliwezi kuwa bwawa la mazoezi la mtoto. Maji ya kina kifupi yenye majani, ambako watoto hupenda kuingilia, ndiko wanakoishi konokono wanaoeneza kichocho, na kama binti amekuwa akiogelea huko ni vyema apimwe choo, kwa kuwa dawa yake ipo. Kuna viboko, kuna magugu yanayosogea na upepo, hakuna ukuta wa kugeukia wala mstari wa kufuata, na aliye ukingoni hawezi kumwona aliyezama nusu mita. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu mtoto wa timu ndiye aliye katika hatari ya kujiamini kupita kiasi. Kuvuka mita 25 mara arobaini bwawani si leseni ya kuvuka ghuba. Muulize pia kocha kama ana mwokozi anayekaa ukingoni bila kazi nyingine, kwani kocha anayefundisha watoto ishirini hawezi kumtazama kila mmoja.

Jambo jingine la usalama ambalo wazazi wengi hawalijui ni michezo ya kuzuia pumzi. Kinachomfanya mtu atake kuvuta hewa ni hewa chafu, kaboni dioksaidi, inayojaa mwilini. Upungufu wa oksijeni hautoi onyo la kutosha. Mtoto anayehema haraka mara nyingi kabla ya kuzama huiondoa ile kaboni dioksaidi, akabaki bila hamu ya kupumua hata oksijeni inapoisha, na huzimia chini ya maji bila kupigapiga wala kupiga kelele. Ukiona watoto wanashindana nani atakaa chini zaidi, au kocha anatumia jambo hilo kama adhabu, mtoe mtoto siku hiyo hiyo.

Nafika kwenye ratiba, ambayo ndiyo ugumu wenyewe. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12. Ili awe majini saa kumi na moja na nusu, ataamka saa kumi na moja kasorobo, na kwa hesabu hiyo awe amelala saa mbili kasorobo usiku, awe ameshakula na kumaliza kazi ya shule. Nyumba chache za hapa mjini zinaweza kufanya hivyo mara mbili kwa wiki muhula mzima, na zinazojaribu huishia kumpunguzia mtoto usingizi, kisha mwalimu husema kuogelea kumeharibu masomo. Hofu ya baba yake ni ya kweli, ila chanzo huwa ni saa hizo za alfajiri. Zaidi ya hayo, Kisumu saa kumi na moja na nusu bado ni giza, na bwawa lisilo na taa zinazofika sakafuni halipaswi kuwa na mtoto ndani yake.

Mimi ningeomba siku tatu: mbili baada ya shule na Jumamosi asubuhi, kwa muda wa dakika 60 hadi 75 kila siku. Katika muda huo mtoto wa kiwango chake huogelea mita elfu moja hadi elfu moja na mia tano, na hizo zinamtosha. Fanya hesabu ya bega uone kwa nini. Akihitaji kuzungusha mikono mara 24 kuvuka bwawa la mita 25, mazoezi ya mita 1,500 yatakuwa mizunguko 1,440, yaani 720 kwa kila bega, kwa mtoto ambaye mifupa yake bado inakua. Akifundishwa kuvuka kwa mizunguko 20, amejiokolea 240 kwa siku bila kupunguza hata mita moja. Siku zinazobaki acheze mpira, aruke kamba, apande miti. Mwili unaojua michezo mingi huogelea vizuri zaidi na huumia kidogo.

Mazoezi ya jioni yana adui wake, nayo ni radi. Bonde la Ziwa Victoria lina ngurumo nyingi mno, na kwetu nyingi huja alasiri na jioni. Kanuni ni moja: ngurumo ikisikika, wote watoke na waingie ndani ya jengo, wasirudi hadi zipite dakika 30 tangu ya mwisho. Mazoezi mengi ya Aprili yatakufa hivyo, na kocha anayekasirika kwa sababu hiyo ana shida.

Pesa zina tabia ya kujificha. Ada ya mwezi ndiyo unayoambiwa, lakini uliza pia ada ya usajili, malipo kwa kila mbio anayoingia katika gala, ada ya kiingilio cha bwawa kama halihesabiwi ndani ya ile ya mwezi, na nani hulipia chakula na malazi ya kocha mkisafiri. Safari ndiyo inayokula. Mashindano makubwa huwa Nairobi na Pwani, na bwawa linalojulikana zaidi la mita 50, lile la Kasarani lililotumika katika Michezo ya Afrika ya 1987, liko mbali na Kisumu kwa takriban kilomita 350. Mwaka wa kwanza mtoto hana haja ya kwenda huko. Gala za karibu zinamtosha. Vifaa ni vazi linalobana vizuri, miwani ya kuogelea isiyovuja, kofia na taulo mbili. Vazi la bei kubwa la mashindano halimpunguzii mtoto wa miaka 10 hata theluthi ya muda ambao mgeuko mzuri humpunguzia. Na kama kuna anayekunong'oneza habari za ufadhili wa chuo Marekani, msikilize kwa adabu kisha umlipie mtoto ada ya mwezi huu tu.

Siku ya gala ni ndefu kuliko mnavyodhani: kufika saa moja asubuhi, kupasha mwili, kungoja kwa muda wa saa tatu, kuogelea sekunde 50, kungoja tena. Bebeni kivuli, maji, viazi vitamu, ndizi, mayai ya kuchemsha na karata. Msishangae mkiitwa kushika saa, kwa sababu gala nyingi huendeshwa na wazazi. Wakiwa wapima muda watatu na saa zao zikitofautiana, ule wa katikati ndio unaohesabiwa. Andikeni muda wa binti pamoja na urefu wa bwawa, kwa kuwa bwawa la hoteli lenye mita 20 halilingani na la mita 25, na la mita 25 huwa na kasi kuliko la mita 50 kwa sababu ya migeuko. Kisha linganisheni muda wake wa leo na wake wa muhula uliopita. Garini mkirudi, mwacheni aanze yeye mazungumzo.

Kabla ya kusaini fomu, nenda siku ya mazoezi bila kutoa taarifa, ukae saa nzima. Klabu inayokuzuia kutazama imeshajibu swali lako. Uliza nani huingia vyumba vya kubadilishia nguo, kama kocha hubaki peke yake na mtoto mmoja au humwandikia ujumbe wa faragha kwenye simu, na watoto hulala vipi safarini. Jibu zuri ni kwamba daima kuna watu wazima wawili, ujumbe hupitia kwa wazazi, na makocha wana cheti cha mwenendo mwema. Kocha wa kuogelea hulazimika wakati mwingine kumshika mtoto mkono au mguu kumwonyesha mwendo. Hufanya hivyo hadharani, baada ya kumwambia. Mfundishe binti kuwa anaweza kukataa na kwamba utamwamini. Namba ya simu ya watoto nchini ni 116, nayo ni ya bure.

Baada ya kuanza, mrudishe kwa daktari au mtaalamu wa viungo akiwa na maumivu ya bega yanayozidi wiki moja au yanayomwamsha usiku, akikohoa au kufinywa kifua kila baada ya mazoezi, akiwa na maumivu ya sikio ukilivuta kidogo, au uchovu na kukosa hamu ya kula kwa majuma mawili. Kuzimia au maumivu ya kifua wakati wa mazoezi hayangoji kliniki ya Jumatatu. Mpeleke siku hiyo hiyo.

Kwa kocha, sema hivi: tunashukuru kwa mwaliko, tumeamua siku tatu bila alfajiri hadi mwisho wa mwaka, na tungependa ajifunze mitindo yote minne kabla ya kuchagua mmoja. Kocha akikubali bila kununa, mpelekeni. Akisema ni siku nne au hakuna, mwulize kama klabu ina kundi la maandalizi lililo chini ya timu, maana klabu nyingi zinalo hata kama halitangazwi, na binti aingie huko hadi likizo ya Desemba. Huko pia kuna gala ndogo za ndani, kwa hiyo swali lake la gala nyingine ni lini utaweza kulijibu.